Dawa za Maumivu na Uvimbe: Kinachotuliza Goti Ndicho Kinachoumiza Tumbo na Figo

Mtu anayeingia duka la dawa la Darajani au la Chake Chake akaomba "dawa ya mgongo" mara nyingi hutoka na bahasha ndogo ya karatasi iliyoandikwa 1×3 kwa kalamu, na ndani yake mna kipande cha stripu kilichokatwa kwa mkasi. Aghalabu mkasi huo umepita palepale palipoandikwa jina la dawa au tarehe ya kuisha muda wake. Mnunuzi anajua kwamba atameza kidonge kimoja mara tatu kwa siku, lakini hajui anameza nini. Kwa dawa za kutuliza maumivu na uvimbe upungufu huo ndio mwanzo wa madhara mengi, kwa kuwa kundi hili lina dawa nyingi zenye majina mbalimbali na kazi moja, na anayechanganya mbili kati ya hizo hadhani kwamba ameongeza dozi; yeye anaona amejaribu dawa nyengine baada ya ile ya kwanza kushindwa.

Katika kundi hili zimo ibuprofeni, inayojulikana zaidi kwa jina la Brufen, diklofenaki, ambayo watu wengi waliijua mwanzo kwa jina la Voltaren, aspirini, naprokseni, indometasini, piroksikamu, meloksikamu, asidi mefenamiki, selekoksibu na etorikoksibu. Parasetamoli, yaani Panadol ya kila nyumba, haimo. Hiyo hupunguza maumivu na homa lakini uvimbe haiugusi sana, na hatari zake ni za namna nyengine, kubwa yao ikiwa ni ini pale dozi inapopitiliza. Vipo pia vidonge vyenye dawa mbili ndani yake, kama vile diklofenaki miligramu 50 pamoja na parasetamoli miligramu 500. Anayemeza vidonge hivyo asubuhi, Brufen mchana na Panadol mbili usiku amechukua dawa mbili za uvimbe na parasetamoli mara mbili, na bado ataapa kwamba hakuzidisha kitu.

Ili kuelewa kwa nini jambo hilo lina uzito, inafaa kujua dawa hizi zinafanya nini mwilini. Sehemu ya mwili inapoumia, iwe ni kifundo cha mguu kilichoteguka au goti lililochakaa kwa umri, seli za hapo hutengeneza kemikali ziitwazo prostaglandini. Hizo ndizo zinazofanya mishipa midogo ya damu itanuke, mahali hapo pavimbe na kupata joto, na neva ziwe nyepesi kuhisi maumivu. Mwili huzitengeneza kwa kutumia kimeng'enya kinachojulikana kwa kifupi chake, COX. Mwaka 1971 mwanasayansi wa Uingereza, John Vane, alionyesha kwamba aspirini, ambayo wakati huo ilikuwa imeshauzwa kwa zaidi ya miaka 70 bila ya mtu kujua sawasawa inavyofanya kazi, huzuia utengenezaji wa prostaglandini. Na mwaka 1982 alikuwa mmoja wa watu watatu waliotunukiwa Tuzo ya Nobel ya tiba kwa utafiti wa kemikali hizo.

Mambo yangekuwa mepesi lau prostaglandini zingekuwa na kazi ya kuumiza tu. Lakini tumboni ndizo zinazolifanya tumbo litoe ute wa kujikinga na asidi yake lenyewe, na ndizo zinazohakikisha ukuta wa tumbo unapata damu ya kutosha kujitengeneza. Kwenye figo hutanua mishipa inayopeleka damu kuchujwa. Katika damu, kemikali ndugu yake huzifanya chembe sahani, yaani chembe ndogo zinazosaidia damu kuganda, zishikane jeraha linapotokea. Kidonge kikishayeyuka na kuingia katika damu hakichagui pa kwenda: kinazuia COX ya goti, ya tumbo na ya figo kwa pamoja. Madhara yake, basi, ni ile ile kazi iliyomtuliza mgonjwa goti, ikifanyika mahali asipopataka. Haya ndiyo maelezo ambayo nadhani kila mnunuzi angestahiki kupewa kabla ya bahasha, kwa sababu karibu kila tahadhari inayofuata inatoka humo.

Tuanze na tumbo. Ushauri wa kumeza dawa hizi baada ya kula ni mzuri, kwani chakula hupunguza kichefuchefu na kiungulia. Tatizo ni kwamba watu wameuchukulia kuwa ndio kinga yenyewe, wakati sehemu kubwa ya madhara haitokani na kidonge kugusa ukuta wa tumbo. Inatokana na dawa iliyokwishaingia katika damu na kuzuia prostaglandini za kulinda tumbo. Ndiyo maana vidonda vya tumbo huweza kumpata hata aliyechomwa sindano ya diklofenaki na asiyemeza kidonge hata kimoja. Imani kwamba sindano "hupita pembeni" ya tumbo imeenea sana Unguja na Pemba, na sindano hiyo huombwa hata na mtu anayeweza kumeza bila ya taabu. Anachokipata zaidi ni nafuu ya haraka kidogo. Anachojiongezea ni uwezekano wa jipu mahali pa sindano, au neva ya mguu kuumia ikiwa aliyechoma amekosea mahali katika tako.

Vidonda hivi vina tabia ya kujificha, kwani dawa inayovisababisha ndiyo hiyo hiyo inayotuliza maumivu. Mtu anaweza kukaa wiki kadhaa bila ya kuhisi chochote, kisha akatapika damu au kitu kinachofanana na machicha ya kahawa, au akapata choo cheusi chenye kunata na harufu kali. Anayetumia vidonge vya kuongeza damu, vyenye madini ya chuma, huweza kupata choo cheusi bila ya kutokwa na damu, lakini huo ni uamuzi wa kufanywa na daktari na haufai kufanywa nyumbani. Walio katika hatari zaidi ni wenye umri wa miaka 65 na kuendelea, waliowahi kuugua vidonda vya tumbo, wanaotumia prednisoloni (dawa ya steroidi), dawa za kuzuia damu kuganda kama wafarini, au aspirini ya kila siku kwa ajili ya moyo, pamoja na wenye bakteria wa tumboni aitwaye Helicobacter pylori, ambaye hupimwa na kutibiwa kwa antibiotiki. Kwa watu kama hao daktari anayelazimika kuwapa dawa ya uvimbe huongeza omeprazoli, inayopunguza asidi ya tumbo, au dawa ya jamii yake. Omeprazoli husaidia kweli, lakini ulinzi wake ni wa tumbo na sehemu ya mwanzo ya utumbo. Figo haizilindi hata kidogo.

Kwenye figo ndipo ninapoona pana pengo kubwa zaidi la maelezo, kwa sababu vidonda vya tumbo kila mtu anavijua, ilhali figo haziumi wala hazilalamiki. Katika hali ya kawaida mtu mzima mwenye afya na maji ya kutosha mwilini anaweza kumeza ibuprofeni siku 2 au 3 na figo zake zisihisi kitu. Hali hubadilika pale mwili unapopungukiwa na maji au damu inapopita kwenye figo kwa shida, maana hapo ndipo figo huzitegemea prostaglandini ili kuendelea kuchuja. Fikiria mkulima wa mwani wa Paje au Jambiani, ambaye wakati wa bamvua, maji yanapokupwa, hushinda ameinama juani akifunga na kuvuna, akirudi nyumbani na mgongo usionyooka na koo kavu. Vivyo hivyo mchumaji karafuu wa Pemba katika msimu, au hamali wa bandarini. Maumivu yao ni ya kweli na yanastahiki dawa. Lakini kumeza diklofenaki kabla ya kunywa maji, mwili ukiwa umekauka, ni kuzinyang'anya figo kile kinachozisaidia kwa wakati huo. Maji kwanza, chakula, kisha kidonge, na ikiwa kazi ni ya kila siku kidonge kisiwe cha kila siku. Mtu mwenye kuharisha au kutapika sana asizimeze kabisa mpaka atakapopona na kurudisha maji mwilini.

Hatari huwa kubwa zaidi kwa wagonjwa wa presha. Dawa kama losartani, enalaprili na lisinoprili hulegeza mishipa inayotoa damu katika vichujio vya figo, na dawa za kukojoza kama furosemidi na haidroklorothiazidi hupunguza maji ya mwili. Kila moja ina faida yake na hutolewa kwa sababu nzuri. Sasa ongeza dawa ya uvimbe, ambayo hubana mishipa inayoingiza damu kwenye vichujio hivyo: ni sawa na tangi ambalo maji yanayoingia yamepunguzwa, bomba la kutokea limefunguliwa, na kisima chenyewe kimepungua. Msukumo wa kuchuja hupotea. Madaktari wanaujua vyema mchanganyiko huo wa dawa 3 kuwa ni chanzo cha figo kushindwa ghafla kufanya kazi, hasa kwa wazee. Zaidi ya hayo, dawa za uvimbe huufanya mwili uhifadhi chumvi na maji, hivyo hupandisha presha na kudhoofisha dawa zake. Mgonjwa akaenda kliniki, presha ikaonekana imepanda, akaongezewa dawa ya presha, na hakuna aliyeuliza habari za goti. Swali la muuza dawa, "Bimkubwa, unatumia dawa ya presha au ya sukari?", halichukui hata nusu dakika, na mnunuzi asipoulizwa na aseme mwenyewe. Wenye ugonjwa wa figo uliokwishajulikana, moyo kushindwa kufanya kazi sawasawa, au ini lililosinyaa, kwao dawa hizi ni za kuepukwa isipokuwa daktari anayewajua ameamua vyengine.

Habari ya moyo ilijulikana kwa gharama kubwa. Watafiti walipogundua kwamba COX ni za aina mbili, viwanda vilitengeneza dawa zilizolenga COX-2 pekee, ile inayohusika zaidi na uvimbe, kwa matumaini ya kuliacha tumbo na amani yake. Mojawapo ilikuwa Vioxx ya kampuni ya Merck, iliyoanza kuuzwa Marekani mwaka 1999. Septemba 2004 kampuni yenyewe iliiondoa sokoni duniani kote baada ya utafiti kuonyesha kwamba watumiaji wake wa muda mrefu walipata shambulio la moyo na kiharusi zaidi ya wasioitumia. Uchunguzi uliofuata ulionyesha kwamba tatizo halikuwa la Vioxx peke yake. Mwaka 2013 mamlaka ya dawa ya Ulaya ilitamka kwamba hatari ya diklofenaki kwa moyo inakaribiana na ya dawa hizo za COX-2, na Uingereza, kuanzia Januari 2015, ikazuia vidonge vya diklofenaki kuuzwa bila ya cheti cha daktari. Hapa kwetu ni dawa inayotajwa kwa wepesi kama Panadol. Siyo kwamba aliyemeza vidonge 5 vya diklofenaki baada ya kuteguka mguu ana haja ya kuogopa. Lakini aliyewahi kupata kiharusi au shambulio la moyo, au mwenye mishipa ya moyo iliyoziba, haifai kuigusa.

Kuna mgongano mmoja zaidi unaohusu moyo ambao ni rahisi kuukosa. Aspirini ya dozi ndogo, miligramu 75 kwa siku, huzilinda chembe sahani zisishikane ndani ya mishipa ya moyo, na huzibana kwa uhai wao wote, siku 7 hadi 10. Ibuprofeni hukaa mahali hapo hapo, kwenye COX ya chembe hizo, kwa muda mfupi kisha ikaondoka, na ikitangulia huizuia aspirini isifike. Kwa hiyo anayetumia aspirini ya kawaida kwa ajili ya moyo na akahitaji ibuprofeni kwa siku moja mbili, hushauriwa ameze aspirini kwanza na kungoja angalau dakika 30, au kama ibuprofeni imetangulia, apitishe saa 8 kabla ya aspirini. Kwa sababu hiyo hiyo ya chembe sahani, anayekwenda kung'olewa jino au kufanyiwa upasuaji amwambie daktari kila dawa ya maumivu aliyomeza katika wiki iliyopita, wala asiache aspirini ya moyo kwa uamuzi wake mwenyewe.

Homa nayo ina hukumu yake. Malaria imepungua mno Zanzibar, kwa hiyo homa ya leo si lazima iwe malaria, na dengi, inayoenezwa na mbu wa mchana, ililipuka Dar es Salaam mwaka 2014 na tena 2019, mwendo wa saa chache tu kwa boti kutoka bandari ya Malindi, Unguja. Dengi hupunguza chembe sahani na huweza kusababisha kutokwa na damu. Aspirini, ibuprofeni na diklofenaki huongeza hatari hiyo. Homa kali yenye maumivu ya mifupa na nyuma ya macho itulizwe kwa parasetamoli na maji mengi mpaka vipimo vifanyike. Watoto wasipewe aspirini kwa homa, kwani inahusishwa na ugonjwa wa Reye, unaoshambulia ini na ubongo, na mwenye tetekuwanga asipewe ibuprofeni. Mwenye pumu ambaye aliwahi kubanwa na kifua baada ya aspirini azichukulie dawa zote za kundi hili kuwa ni dawa moja.

Kwa mama mjamzito, mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa tahadhari mwaka 2020 kwamba zisitumiwe kuanzia wiki ya 20, kwa kuwa hupunguza kazi ya figo za mtoto na hivyo maji ya uzazi. Karibu na wiki ya 30 huongezeka hatari ya kuziba mapema mshipa mmoja muhimu karibu na moyo wa mtoto. Aspirini ya dozi ndogo anayoandikiwa mjamzito na daktari kwa ajili ya kuzuia kifafa cha mimba haihusiki na katazo hilo. Kwa upande mwengine, msichana anayeteseka na chango la hedhi kila mwezi ana haki ya kujua kwamba maumivu yake yanatokana na prostaglandini za mji wa mimba, na kwa hiyo ibuprofeni, ikianzwa mapema na kutumiwa siku 2 au 3, mara nyingi humfaa zaidi ya Panadol. Si haki kuzieleza dawa hizi kama sumu.

Kipimo chenyewe si kigumu. Mtu mzima anayejinunulia ibuprofeni humeza miligramu 200 hadi 400 kwa mara moja, akiacha saa 6 hadi 8, na jumla isizidi miligramu 1,200 kwa siku, yaani vidonge 3 vya miligramu 400. Aanze na dozi ndogo, na asipopata nafuu ndani ya siku chache, au ikifika siku 10 bado anahitaji, dawa imekwisha kazi yake na sasa ni zamu ya uchunguzi. Dawa mbili za kundi hili hazimezwi pamoja. Nafuu ikiwa haitoshi, kinachoweza kuongezwa ni parasetamoli, isiyozidi miligramu 4,000 kwa siku, na pungufu ya hapo kwa mwenye mwili mdogo au ini lenye matatizo. Duka liwe lililosajiliwa na Wakala wa Chakula na Dawa Zanzibar, na mnunuzi aombe stripu nzima au aandikiwe jina la dawa juu ya bahasha.

Kwa goti au vidole vya mkono vyenye kuuma kwa uzee, jeli ya diklofenaki ya kupaka ndiyo ingepaswa kujaribiwa kabla ya kidonge, kama miongozo ya tiba ya Uingereza inavyoelekeza kwa goti. Huingia pale pale panapouma na sehemu ndogo tu hufika katika damu. Watu huidharau kwa kuiona ni dawa ya kuchua. Hadhari kubwa zaidi yafaa iwekwe kwa unga na vidonge vya "asili" vya mifupa vinavyoponya ndani ya siku moja. Mwaka 2022 mamlaka ya dawa ya Marekani iliwaonya watu kuhusu bidhaa iitwayo Artri King, iliyouzwa kama lishe ya viungo, baada ya kukuta ndani yake diklofenaki na deksamethasoni, dawa ya steroidi, ambazo hazikutajwa kwenye pakiti.

Mwezi wa Ramadhani huleta swali lake. Aliyefunga anaweza kumeza ibuprofeni baada ya kufuturu, kisha nyengine wakati wa daku, na nafasi kati ya futari na daku hufika saa 8 au zaidi. Dozi ya mchana aliyoikosa asiijazie usiku. Anywe maji kwa mafungu usiku kucha, kwani figo zitakaa mchana kutwa bila ya maji na dawa ya daku imo mwilini. Kwa hiyo mwenye presha, sukari au figo dhaifu asiache uamuzi huu kwa muuza duka; amwone daktari kabla ya mwezi kuandama, na ruhusa ya mgonjwa ya kutofunga inajulikana.

Wapo ambao hawana budi kuzitumia kwa miezi na miaka, kama wagonjwa wa baridi yabisi ya kinga ya mwili na wa uti wa mgongo wenye kukakamaa. Hao wasizikimbie, lakini wapimwe presha, wingi wa damu, na kreatinini, kipimo cha damu kinachoonyesha figo zinachuja kiasi gani. Kwanza kabla ya kuanza, tena baada ya wiki chache, kisha kwa vipindi atakavyopanga daktari. Miguu ikivimba, mkojo ukipungua, pumzi zikiwa fupi, au choo kikigeuka cheusi kati ya vipimo viwili, dawa isimamishwe siku hiyo hiyo na mgonjwa aende hospitali akiwa na dawa zake zote mkononi, za hospitali na za dukani, pamoja na zile za chupa alizopewa na jirani.